Siku 158 bila barabara: kisa cha Devil's Slide na handaki lililopigiwa kura

Ukikaa na mtu mzima wa Montara au Half Moon Bay, kule pwani ya California, ukamuuliza 1995 ilikuwaje, hakwambii habari za siasa wala mpira, anakwambia siku 158. Ndo muda ambao barabara yao ya kwenda San Francisco ilifungwa mwaka ule, mvua za Januari zilipoloweka mlima, mlima ukaanza kushuka na lami ikashuka nao. Nusu mwaka kasoro kidogo. Sio kijijini huko porini, hapana, hapa ni mwendo mfupi tu kutoka jiji lenye hela za kutisha duniani, na bado watu walikaa miezi mitano wanazunguka mlima kwenda kazini.

Kisa hiki nimekifuatilia muda mrefu kwa sababu kila mtu anayekisimulia anakisimulia kama habari ya mlima mbaya na wahandisi hodari. Mi naona mlima ulikuwa na sehemu ndogo tu. Ugomvi wenyewe ulikuwa leni ngapi, na nani ataletwa na hizo leni.

Kwanza tuweke ramani sawa. Highway 1 ni barabara ya jimbo la California, mwenye nayo ni Caltrans, chukulia kama TANROADS yao ila ya jimbo. Inaanzia kusini pale Dana Point inapochomoka kwenye Interstate 5, alafu inapanda kaskazini imeng'ang'ania bahari ya Pasifiki, inapita Los Angeles, Big Sur, San Francisco, inaishia Leggett kwenye misitu ya Mendocino inapoingia US 101. Jumla kama kilomita 1,056. Majina yake mengi, kusini ukisema Pacific Coast Highway kila mtu anakuelewa, katikati vibao vinasema Cabrillo Highway, na namba yenyewe imetulia 1964 jimbo lilipopanga namba upya, ile iliyokuwa US 101 Alternate huko kusini nayo ikawa 1. Watu wengi wanaijua kwa Big Sur na lile daraja la Bixby la 1932, picha zake kila kalenda. Hayo nayaacha, kipande ninachokisema hakizidi kilomita tatu.

Kipo kusini ya San Francisco kati ya Pacifica na Montara. Hapo milima inakuja mpaka baharini na kukatika ghafla, ukuta mtupu, chini mawimbi. Upande wa kusini una granaiti ya Montara, jiwe gumu la zamani sana. Ukienda kaskazini unakuta tabaka za mchanga mgumu na udongo wa mfinyanzi uliogeuka jiwe, na zile tabaka zimelalia kuelekea baharini, kama vitabu umevipanga kwenye meza iliyoinama. Bahari inakula chini, mvua inaingia kati ya vitabu, unategemea nini? Vinateleza. Wenyeji wakapaita Devil's Slide, mteleza wa shetani, na jina likabaki mpaka kwenye ramani.

Na wala barabara sio ya kwanza kuonja. Mwaka 1905 ilianzishwa kampuni ya Ocean Shore Railroad, mpango ulikuwa treni itoke San Francisco mpaka Santa Cruz ikipita huku huku pwani. Wakaanza kuchonga mlima, tarehe 18 Aprili 1906 likaja lile tetemeko kubwa, reli na vifaa vikamwagwa baharini. Wakarudi tena, wakachimba hadi handaki fupi pale Pedro Point, ila ile reli haikuwahi kukamilika, katikati kulikuwa na pengo ambalo abiria walikuwa wanashushwa na kupakiwa kwenye magari ya mvuke mpaka upande wa pili. Maporomoko yakawa kila msimu, 1920 ikafa. Magari ya kawaida yalikuwa yanapita juu, njia ya Pedro Mountain ya mwaka 1915 hivi, kona juu ya kona, ukiona picha zake unaelewa kwa nini watu waliikimbia, leo wanaipanda watu wa baiskeli kwa kujitesa. 1937 jimbo likafungua barabara mpya iliyopita sehemu kwenye tuta lile lile la reli iliyokufa. Yaani walirithi njia ya marehemu na ugonjwa wake.

Ikawa inafungwa. Inafunguliwa. Inafungwa. Msimu wa mvua wa 1983 siku 84. Kila ikimeguka wanakuja wanamwaga lami juu ya lami, wanasogeza mstari wa njano kidogo kuelekea mlimani, maisha yanaendelea. Sasa shida ya pale ni kwamba mbadala ni mmoja tu, Highway 92, inayopanda mlima kutokea Half Moon Bay kwenda San Mateo. Mtu wa Montara ambaye Pacifica kwake ni dakika chache, hapo kwa jirani tu, ikifungwa Devil's Slide anashuka kusini mpaka Half Moon Bay, anapanda 92 na foleni ya kila mtu aliyekuwa anapita pwani, anarudi kaskazini kwa upande wa pili wa mlima. Wenye migahawa na nyumba za wageni walikuwa wanategemea watu wa wikiendi kutoka jijini, wale watu wakikuta kibao cha kufungwa wanageuza gari wanaenda kwingine. Hawa ndo waliumia na nitawarudia, maana kwenye hadithi ya ushindi wanasahaulika.

Jimbo lilishaona mapema kwamba pale hapafai. Kufikia 1960 mpango ulikuwa mezani, hama pwani kabisa, zunguka nyuma ya mlima kwa baipasi. Urefu kama kilomita 7, ikatize Montara Mountain na kushukia Martini Creek. Baipasi yenyewe ya mwanzo ilikuwa barabara kubwa, leni nne, freeway ya kizamani ya kuchana mlima na kujaza mabonde. Kwenye karatasi ina mantiki. Mlima unateleza, basi toka kwenye mlima.

Lakini jiulize ile ilikuwa miaka gani. Ile ilikuwa California ya kumwaga zege. Daly City, kaskazini kidogo tu ya hapo, nyumba zilipanda vilima safu kwa safu mpaka basi. Na ukanda wa Half Moon Bay ulikuwa mashamba ya maua, maboga, artichoke, na kilichoulinda sio sheria, ni ubovu wa barabara. Watu wa mazingira na baadhi ya wenyeji wakaliona hilo mapema. Ukipitisha leni nne juu ya mlima huu, hujatengeneza barabara ya Montara, umeleta Daly City. Upande wa pili nao hawakuwa wajinga, walisema nyie mnatetea mandhari, sisi tunatetea ambulensi na mishahara. Wote walikuwa sahihi, ndo maana ilichukua miaka yote ile.

1972 Sierra Club, chama cha kutetea mazingira, na wenzao wakaenda mahakamani, wakitaka tathmini ya mazingira ifanyike kwanza kama sheria mpya za wakati ule zilivyotaka. Wakapata. 1976 California ikapitisha Coastal Act, na ndani yake kuna kifungu ambacho kwangu mimi ndo msumari wa kisa chote, kinasema kwenye maeneo ya mashambani ya pwani Highway 1 ibaki barabara ya mandhari ya leni mbili. Soma tena hapo. Sheria ya jimbo inaiambia barabara ya jimbo usinenepe. Toka siku hiyo wazo la leni nne lilikuwa limeshakufa hata kama wenyewe hawajaambiwa, baipasi ikabidi ipunguzwe, ikawa ya leni mbili na leni ya ziada ya kupandia kwa magari mazito. Wapinzani wakasema leni ya kupandia ni leni tu, mnatuchezea.

Miaka ya 80 baada ya yale maporomoko ya 1983 ikapatikana hela ya dharura ya serikali ya shirikisho, baipasi ikafufuka, kesi nyingine ikafunguliwa 1986 na mahakama ikaisimamisha. Mambo mengi yalibishaniwa, na moja lililowabana wenye baipasi nalipenda sana kwa sababu ni dogo. Kelele. Barabara ingepita ndani ya hifadhi ya McNee Ranch, na tathmini haikuwa imechambua vizuri kelele za magari kwa mtu anayetembea kule mlimani. Mradi wa mamilioni umekwama kwa sababu hujapima mtu aliyekaa juu ya jiwe atasikia nini. Kuna watakaocheka. Mi nimewahi kukaa juu ya jiwe lile, sicheki.

Ndo tukafika 1995 na siku zake 158. Hapa kila upande ulikuwa na hasira mpya. Wenye baipasi wakasema mnaona? Wapinzani nao wakajua kwamba kusema hapana tu haitoshi tena, watu wamechoka, ukiwaambia ngoja watakuzomea. Ndipo wazo la handaki, ambalo lilikuwa likitajwa pembeni pembeni miaka mingi na kupuuzwa, likaletwa mezani kwa nguvu. Usizunguke mlima, usiuguse uso wake, upite tumboni.

Caltrans hawakulipenda. Kwao handaki lilikuwa ghali mno ukilinganisha na baipasi, na kiukweli uzoefu haukuwepo, California ilikuwa haijachimba handaki jipya la barabara kuu toka handaki la Caldecott, kule Oakland, lilipoongezewa tundu la tatu 1964. Kizazi kizima cha wahandisi wa barabara kilistaafu bila kuchimba. Ukimuuliza mtu bei ya kitu ambacho hajawahi kukifanya atakutajia bei ya woga, hiyo ni kawaida hata kwa fundi wa mtaani. Ikabidi iletwe timu huru ya wataalam wa mahandaki, na 1996 wakarudi na jibu kwamba linawezekana na gharama yake haipishani sana na baipasi. Hapo upepo ukageuka.

Kilichofuata ndo sehemu ambayo ukiwasimulia watu wa kwetu wanadhani unatania. Swali lilipelekwa kwa wananchi. Novemba 1996, siku ileile ya uchaguzi wa rais, wapiga kura wa kaunti ya San Mateo walikuta kwenye karatasi kitu kinaitwa Measure T, kinachosema mpango wa pwani wa kaunti ubadilishwe, toa baipasi weka handaki la leni mbili. Wakapitisha kwa asilimia 74. Yaani dereva wa lori, mama wa duka, daktari, wote wanaamua mlima utobolewe au uzungukwe. Na ile asilimia huwezi kuipata kwa watu wa mazingira peke yao, hawapo wengi hivyo popote duniani, hiyo ni kura ya mtu aliyechoka foleni ya 92 anayesema basi lijengwe hilo ambalo halitaenda mahakamani tena.

Hilo ndo jambo la kukaa nalo. Kwenye makaratasi baipasi ilikuwa rahisi, lakini ilikuwa haijengeki, kila ikiinuka inashtakiwa. Handaki lilikuwa gumu na ghali ila hakuna aliyebaki wa kulipinga. Ukihesabu gharama bila kuhesabu kesi unajidanganya.

Ila usifikiri kura ikipita kesho yake tinga tinga linaingia. Tathmini mpya, usanifu, kutafuta hela. Hela ilitoka zaidi kwenye ule mfuko wa dharura wa shirikisho, na aliyehangaika sana Washington kuhakikisha inaruhusiwa kutumika kwenye handaki ni mbunge wa eneo hilo Tom Lantos, mzaliwa wa Hungary, aliyenusurika mauaji ya Wayahudi wakati wa Hitler akiwa kijana. Alifariki Februari 2008 hajaliona limeisha, ndo maana mahandaki yana jina lake.

Mzigo ulizinduliwa 2005, na mlima kana kwamba umesikia, tarehe 2 Aprili 2006 barabara ya juu ikapasuka ikafungwa tena, mpaka mwanzoni mwa Agosti. Miezi minne, miaka karibu kumi baada ya kura. Hapa ndo narudi kwa wale wenye migahawa. Mimi ni mtu wa handaki, sifichi, lakini ukisema "kusubiri kulilipa" lazima useme kulimlipa nani. Aliyeishi San Mateo mjini alipata mlima wake mzuri bila kulipa chochote. Aliyekuwa na kibanda cha samaki Princeton, bandarini jirani na Half Moon Bay, alilipia ule mlima 1983, akalipia 1995, akalipia 2006, na hakuna sehemu kwenye tathmini yoyote jina lake limeandikwa kama mfadhili.

Haya, uchimbaji wenyewe. Walianza kuingia mlimani 2007. Hawakutumia ile mashine kubwa ya duara inayosukuma kama mnyoo, kwa sababu mlima ule ndani haueleweki, unatoka kwenye jiwe gumu unaingia kwenye nyufa za kale zilizojaa unga wa mawe, na mashine ikinasa humo ni msiba. Walitumia njia ya Austria, unachimba kipande kidogo, mita moja mbili, kabla mwamba haujajua umechimbwa unapuliza zege kwa bomba kwenye ukuta, unapiga nondo ndefu kuingia ndani ya mwamba, unaweka vipimo, unasubiri kuona mwamba unasogea kiasi gani. Ukisogea sana unaongeza nondo, ukitulia unaendelea. Jiwe gumu wakakutana nalo wakalipiga baruti. Kimsingi ni kumwachia mlima ujibebe wenyewe na wewe unausaidia tu, na nadhani kuna kejeli nzuri hapo, mlima ulioshindwa kubeba lami upande wa nje umeweza kubeba handaki ndani, kwa sababu ndani huko mita nyingi kutoka baharini hautelezi.

Na chura. Lazima nimseme. Kwenye bonde la Shamrock Ranch upande wa kaskazini kuna chura mwenye miguu myekundu wa California, analindwa na sheria ya shirikisho, kwa hiyo barabara ikitoka handakini haikuruhusiwa kumwagiwa tuta la udongo bondeni. Wakajenga madaraja mawili marefu, kama mita 300 kila moja, yanapita juu kabisa na chura yuko chini na madimbwi yake. Watu walilalamika sana, madaraja yote haya kwa ajili ya chura. Nimepita pale mara kadhaa, ukitoka handakini unajikuta uko hewani kwa sekunde kadhaa alafu Pacifica inafunguka mbele, na sijawahi kumuona chura hata mmoja.

Mahandaki yalifunguliwa mwishoni mwa Machi 2013. Mawili, moja la kwenda moja la kurudi, leni moja moja tu kila upande na pembeni nafasi ya gari kuharibika. La kwenda kaskazini mita 1,265, la kwenda kusini 1,222, kwa urefu kati ya mahandaki ya barabara ya California yanazidiwa na Wawona tu, lile la Yosemite la 1933. Kati ya matundu kuna milango ya kupitia watu kukimbilia tundu la pili moto ukitokea. Midomo yake wameichonga na kuipaka ifanane na mwamba. Bei ya mwisho dola milioni 439, mbali kabisa na makisio ya 1996, na hili wenye handaki huwa wanalipitia kimya kimya. Na ile Daly City haikuja. Ukishuka upande wa Montara leo bado kuna maboga.

Barabara ya zamani haikubomolewa. Kaunti ilikabidhiwa, na Machi 2014 ikafunguliwa kwa watembea kwa miguu na baiskeli, kilomita mbili na kitu kwenda. Nenda siku isiyo na ukungu. Lami bado ipo, mstari wa njano bado upo, na kwenye kona mbaya unauona kabisa ulivyopinda kuelekea mlimani, na pembeni ukiinama unaona ukingo wa lami umekaa tabaka tabaka kama chapati za kusukuma, kila tabaka ni mwaka ambao mlima ulishuka. Nje kidogo ya lango la kusini kuna boma la zege la vita vya pili vya dunia limekaa kwenye ncha ya udongo kama kofia kwenye kichwa kidogo, lilikuwa la wanajeshi wa kupima umbali wa meli za adui kabla ya rada. Udongo unaolizunguka ulikwanguliwa miaka ya 70 kwenye kazi ya ujenzi ambayo haikuisha.

Katikati ya njia wameweka darubini, imeelekea kwenye jiwe moja kubwa baharini. Zamani kulikuwa na ndege karibu 3,000 pale, weusi juu weupe tumboni, wanasimama wima kama pengwini. 1986 meli ya mafuta ikavujisha, wakaisha wote. Mwaka 1996, ule ule wa kura, wanasayansi walipanda kwenye jiwe wakapanga sanamu za ndege, wakaweka vioo na spika za kupiga sauti zao zilizorekodiwa, ili ndege anayepita adhani kuna sherehe. Wakashuka, wakakaa kwenye ukingo huu wa barabara na darubini zao, magari yakipita nyuma ya migongo yao, wakisubiri. Msimu huo huo jozi chache zikatua katikati ya zile sanamu, zikataga. Sasa hivi ukiangalia jiwe lote ni jeusi.